Bustani ya Nyuma ya Jiko Hutuliza Moyo Ulioelemewa

"Mficha maradhi, kilio humfichua." Methali hii kila mtu wa pwani anaijua, na aghalabu huitumia akizungumzia homa, kifua kikuu au donda lisilopona. Lakini kuna maradhi mengine ambayo sisi twayaficha kuliko hayo yote, nayo ni ya moyo ulioelemewa na akili iliyochoka. Mtu akiacha kula, akiacha kulala, akiacha kucheka na wenziwe, twasema "ana mawazo", kisha twanyamaza. Wengine hukimbilia kusema kuwa ameingiwa na jini. Ni wachache mno wanaouliza: je, mtu huyu kutwa mikono yake ina kazi gani?

Swali hilo mimi nilifunzwa kuliuliza mbali sana na bahari, katika mji wa Kitale, na aliyenifunza ni mwanamke wa Bungoma ambaye hajapata kusoma kitabu cha utabibu hata kimoja.

MJOMBA NA UKUTA

Mjomba wangu, mzaliwa wa Mombasa, alipelekwa Kitale na kazi ya reli angali kijana. Kazi ilipokwisha hakurudi pwani. Alikuwa ameoa binti wa Kibukusu kutoka Bungoma, naye binti akasilimu, wakajenga nyumba yao ya mabati pembezoni mwa mji na kulea watoto ambao sasa wametawanyika kutafuta riziki. Kitale ni mji wa nyanda za juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi yake humfanya mgeni wa kutoka Mombasa ajifunike blanketi mbili. Baridi hiyo mjomba alikuwa amekwisha kuizoea. Alichoshindwa kukizoea ni kifo cha mkewe.

Nilipokwenda kumpa mkono wa tanzia nilimkuta ameketi uani, uso ameuelekeza ukutani. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Baada ya hapo hakusema neno. Huyu ni mtu ambaye zamani, akianza hadithi za gari la moshi na abiria wake, chai ingepoa vikombeni hapana anayekumbuka kuinywa. Sasa alikuwa akila matonge mawili na kusukuma sahani. Usiku nilimsikia akitembea ukumbini mpaka adhana ya alfajiri.

Mombasa jamaa walishauriana. Mmoja alisema aletwe nyumbani asomewe. Mwingine alisema aandikiwe kombe. Wa tatu alisema apelekwe hospitali. Yote yalikuwa mashauri ya watu wenye mapenzi, wala mimi siyabezi. Dua aliombewa, na hospitali alikwenda, akapewa dawa na kuzinywa kama alivyoagizwa. Usingizi ukarudi kidogo, lakini mchana kutwa alikuwa bado akiutazama ukuta ule ule.

Ndipo alipokuja shemeji yake, dada wa marehemu, akipanda matatu kutoka Bungoma kwa njia ya Webuye. Mkononi alikuwa na leso iliyofungwa mafundo matatu. Fundo la kwanza lilikuwa na mbegu za managu, ambayo ndiyo mnavu wetu. La pili lilikuwa na mbegu za saga, ambayo wazee wa pwani huiita mgagani. La tatu lilikuwa na mbegu za murere, yaani mlenda.

"Shemeji," alimwambia, "mbegu hizi zilikuwa za dada. Kwangu hakuna nafasi. Zikikaa mno bila ya kupandwa, zitakufa."

Hakumwambia ajikaze wala asahau, na hakumpa waadhi wowote. Alimwekea jembe dogo kando ya kiti, akaingia jikoni kupika.

Siku ya kwanza, nilivyosimuliwa, mjomba alilima hatua mbili tu nyuma ya jiko, akarudi kuketi. Siku ya pili akalima hatua tatu. Wiki ya pili alikuwa akichota samadi kwa jirani mwenye ng'ombe. Nilipokwenda tena baada ya miezi mitano sikumkuta kwenye kiti. Nilimkuta amechuchumaa kati ya matuta, suruali imejaa tope magotini, na kabla sijamaliza kumwamkia alikwisha kuanza kulalamika: ndege wamemla mche, jirani ameachilia kuku wake, na saga isipochumwa mapema hutoa maua ikawa chungu. Nilifurahi kusikia malalamiko hayo kuliko nyimbo zote za harusi. Mtu anayelalamikia kuku wa jirani amekwisha kurudi miongoni mwa watu.

SI BAHATI TU

Yumkini msomaji atasema: huyo alikuwa karibu kupona, jembe likapata sifa ya bure. Nami nilifikiri hivyo. Lakini nilipopekua yaliyoandikwa na wataalamu niliona kwamba mama wa Bungoma hakubahatisha.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uholanzi, van den Berg na Custers, waliwachukua watu 30 wenye vishamba vya bustani na kwanza wakawachokoza akili kwa kazi ya kuudhi, ili kila mmoja awe na wasiwasi. Kisha nusu yao waliambiwa waende bustanini kwa dakika 30, na nusu wakae ndani wasome kwa muda huo huo. Mate yao yalipimwa ili kuona kiasi cha kotisoli, ile homoni ambayo mwili huimwaga mtu anapokuwa na hofu au dhiki. Makundi yote mawili yalipata nafuu, maana hata kusoma ni mapumziko. Lakini kotisoli ilishuka zaidi kwa wale waliokuwa bustanini, na furaha yao ikarudi kama ilivyokuwa kabla ya kuudhiwa. Kwa waliosoma, haikurudi.

Kwa nini iwe hivyo? Wataalamu wa Marekani Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, katika kitabu walichokitoa mwaka 1989, walieleza kwamba akili ina namna mbili za kuangalia mambo. Namna ya kwanza ni ile ya kujilazimisha: kuhesabu fedha, kuendesha gari penye msongamano, kufikiria kodi ya nyumba. Hiyo huchosha. Namna ya pili huja yenyewe bila ya nguvu, kama vile jicho linavyofuata jani linalotikisika au maji yanayopita mferejini. Bustani huamsha hiyo ya pili, na ile ya kwanza ikapata kupumzika.

Tena kuna lile jambo la kucheua mawazo. Mbuzi hula majani mchana, akayarudisha kinywani usiku kuyatafuna upya. Na mtu mwenye huzuni hufanya vivyo hivyo. "Lau ningalimpeleka hospitali mapema. Lau nisingalisema neno lile." Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapeleka watu kutembea dakika 90, baadhi yao penye nyasi na miti, baadhi kando ya barabara kuu yenye magari mengi. Waliporudi, ubongo wao ulipigwa picha. Wale waliotembea penye miti walikuwa wamepunguza kucheua mawazo, na sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kucheua huko ilikuwa imetulia. Kwa wale wa barabarani, hapakuwa na mabadiliko hayo.

Bustani huongeza juu ya hayo yote kazi ya mikono. Mtu anayepandikiza mche hana budi kuushika taratibu asiuvunje shina, na katika muda huo mdogo hawezi kuwa kwingine ila pale alipo.

UDONGO WA ZIWA KYOGA

Kisa kingine kimetokea karibu nasi, ng'ambo ya Mlima Elgon, nchini Uganda. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Uingereza aitwaye John Stanford alikuwa akichunguza kwa nini chanjo ya kifua kikuu ilisaidia kuzuia ukoma kwa watu wa kandokando ya Ziwa Kyoga kuliko kwa watu wa sehemu nyingine. Akachukua udongo wa huko, na ndani yake akapata kijidudu kisichodhuru kiitwacho Mycobacterium vaccae.

Miaka mingi baadaye, huko London, wagonjwa wa saratani ya mapafu walidungwa sindano yenye vijidudu hivyo vikiwa vimekwisha kuuawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2004: sindano haikurefusha maisha yao, lakini wagonjwa waliishi siku zao kwa nafuu zaidi. Mwaka 2007 Christopher Lowry na wenziwe wa Bristol wakawapa panya vijidudu hivyo, wakaona kwamba viliziamsha chembe za ubongo zinazotengeneza serotonini, ambayo ni moja katika vitu vinavyoongoza hali ya moyo wa mtu.

Panya si binadamu, wala haijathibitika kwamba kushika udongo peke yake hutibu huzuni. Lakini ni jambo la kustaajabisha kwamba tope la ziwa letu wenyewe limewafanya mabingwa wa dunia waulize iwapo udongo una usemi katika furaha ya mwanadamu. Sisi ambao dini yetu imetuzoesha kwamba udongo safi hushika nafasi ya maji wakati wa kutayamamu, habari hii haitushangazi sana.

Wazee nao wana fungu lao. Katika mji wa Dubbo, Australia, watu 2,805 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifuatiliwa kwa miaka 16. Ripoti iliyotoka mwaka 2006 ilionyesha kwamba waliokuwa wakishughulika na bustani kila siku, hatari yao ya kupatwa na ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni ilikuwa chini kwa asilimia 36. Huenda ikawa mwenye akili timamu ndiye anayeweza kulima, wala siyo kulima kulikompa akili. Hata hivyo, kwa mzee anayekaa kutwa akihesabu mabati ya dari, si ushauri mbaya.

WALIOTUTANGULIA WALIJUA

Utamaduni wetu haukuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1354 ilijengwa Halab, nchini Sham, hospitali iliyojulikana kama Bimaristan Arghun. Waliougua akili waliwekwa katika vyumba vilivyozunguka nyua zenye mabirika ya maji yanayoruka, ili sauti ya maji na mwanga wa jua viwe sehemu ya matibabu. Nayo mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanatueleza kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala katika mti huo ndege, mtu au mnyama, basi ni sadaka kwake, na kwamba hata Kiama kikisimama naye ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Tuyatafakari hayo kwa upande wa moyo. Aliyekata tamaa haoni kesho. Aonyeshwaye mche huambiwa kwamba kazi ya leo haipotei, hata akiwa haioni hiyo kesho.

Hapa pwani, nani asiyemkumbuka bibi aliyekuwa na asumini lake uani, mrehani mlangoni, na kilua aliyemchunga asichumwe na watoto? Jioni alitunga vikuba, akampa binti, akampa jirani. Twayaita hayo mapambo, kumbe yalikuwa pia kazi iliyomtoa kitandani kila siku na kumkutanisha na wenziwe.

Na katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, kuna hospitali ya Lutindi. Ilianzishwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa wamekuwa wakilima na kuchuma chai, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yao.

SI KILA JEMBE HUPONYA

Hapa lazima nisimame kidogo, maana msomaji wa Bungoma anaweza kunicheka. Atasema: "Bwana, mimi nalima ekari tano, na tangu lini kulima kukanituliza moyo?"

Ana haki. Kitale ndiyo ghala ya mahindi ya Kenya. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzia hapo mwaka 1956, na mbegu ya mahindi chotara ya 611, iliyotolewa mwaka 1964, ilizaliwa katika kituo cha utafiti cha mji huo huo. Kutoka Kitale kushuka Bungoma macho yaona mahindi, kisha miwa. Lakini mkulima anayelala akiwaza bei ya mbolea, mvua iliyochelewa, deni la mbegu, na miwa aliyoipeleka kiwandani bila ya kulipwa, huyo jembe lake halimpumzishi. Linamwongezea mzigo. Kotisoli yake haishuki kwa kulitazama shamba, yawezekana inapanda.

Tena kuna lililo zito zaidi ya deni. Kati ya mwaka 2006 na 2008 wananchi wa Mlima Elgon, katika Bungoma, walipata msiba mkubwa kwa sababu ya ugomvi wa kugawiwa mashamba ya Chepyuk. Kundi la silaha lililojiita Sabaot Land Defence Force liliua na kutesa watu. Na Machi 2008 jeshi lilipoingia kwa Operesheni Okoa Maisha, wananchi wakalalamika kwamba nao pia waliteswa. Maelfu ya watu walihama makwao. Kwa mtu aliyepitia hayo, shamba ni mahali alipompoteza mwanawe. Usimpe jembe ukadhani umemtibu. Kwanza awe na amani ya kulala pale alipo, na hati ya kipande chake, na mtu wa kumsikiliza.

Kwa hiyo si kulima kama kulima kunakotuliza. Ninavyoona mimi, bustani iliyomfaa mjomba ilikuwa na mambo manne. Ilikuwa ndogo, hatua chache kutoka mlangoni. Ilikuwa yake, hapana aliyemdai kwayo. Ilikuwa na mazao ya haraka, maana mchicha na mnavu huanza kuchumwa katika muda wa wiki chache, na mwenye huzuni hawezi kungoja miezi minane ya mahindi. Na la nne, ilimkutanisha na watu: jirani wa samadi, watoto waliotumwa kuomba mboga, na shemeji aliyerudi kila mara kukagua.

Elimu ya bustani za namna hiyo haiko mbali. Karibu na Kitale kuna chuo cha Manor House, kilichoanza mwaka 1984, ambacho hufundisha kulima kwa kina katika matuta madogo: kuutifua udongo mara mbili kwenda chini, kutengeneza mboji kwa majani na samadi, na kupanda kwa kubananisha ili kipande kidogo kitoe mboga nyingi. Waliokibuni walifikiria tumbo la mkulima maskini. Kwa maoni yangu waliusaidia na moyo wake.

NA ASIYE NA SHAMBA?

Msomaji wa Mji wa Kale, au wa Lamu ambako nyumba zimebanana hata punda hupita kwa taabu, atauliza: bustani niiweke wapi? Iwekwe kwenye debe. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa matundu ubavuni, hubeba miche mingi ya sukuma wiki na mchicha. Beseni lililovunjika huchukua mrehani. Maji ya kutilia udhu yakikingwa katika ndoo hutosha kumwagilia. Anza na kitu kimoja kinachoota upesi, ukitembelee kila siku baada ya Alfajiri au Alasiri, hata kwa robo saa.

Na ukiwa na jamaa mwenye dhiki ya moyo, usimwamrishe. Mwombe akusaidie. Aliyezama katika huzuni hujiona hafai kitu, na ukimwomba msaada umempa habari kwamba bado anahitajika. Lakini akizungumza habari ya kujidhuru, au akiacha kula na kulala kwa wiki mbili, mpeleke kwa daktari upesi, kama vile ungalimpeleka mwenye homa kali. Bustani ni msaidizi wa dawa na wa dua, wala haikuja kuchukua nafasi ya yoyote kati ya hizo. Mjomba mwenyewe aliendelea na vidonge vyake mpaka daktari aliposema basi.

Siku ya kuondoka kwangu alinipikia mnavu. Nazi nilikuwa nimemletea mimi kutoka Mombasa, mboga ilitoka nyuma ya jiko. Tulikula kimya, lakini kimya chake sasa kilikuwa kingine. Baadaye akaingia chumbani, akatoka na ile leso ya shemeji. Alikuwa ameacha miche michache izae mbegu, akazianika, akazifunga katika fundo moja.

"Hizi ni za mamako mkubwa," aliniambia, akimtaja marehemu mkewe kwa mara ya kwanza tangu tumzike. "Zikikaa mno bila ya kupandwa, zitakufa."

Nimezipanda Mombasa juu ya sakafu ya dari, ndani ya madebe mawili ya mafuta. Zimeota.